Pikipiki Nyeusi ya Jeddah

Evans alihama Riyadh kwenda Jeddah kwa sababu ya injini ya pikipiki. Bosi wake alidhani amerukwa na akili. Nani anaacha chumba chenye kiyoyozi kizima pale Al-Sulimaniyah, aombe kupelekwa tawi la Al-Mahjar, ambako mtu hulowa jasho akiwa amekaa tu?

"Jeddah kuna nini? Mwanamke?" bosi aliuliza.

"Mafi, bosi, hakuna mwanamke. Kuna ile pikipiki nyeusi."

Bosi alicheka, akamruhusu.

Kazi ya Evans ilikuwa kupeleka vipuri kwa wateja, simu ikiwa imefungwa kwenye usukani ili imwonyeshe njia. Pikipiki ya Riyadh ilikuwa ya silinda mbili, kuukuu, na ilitetemeka vibaya sana. Vioo vya pembeni havikuonyesha chochote, na akishuka vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Hayo aliyavumilia. Kilichomnyima raha ni mkewe.

"Picha yako inacheza," Euphrasia alimwambia kila walipoongea kwa video, yeye akiwa nyumbani Nyahururu. "Sikuoni vizuri."

Wiki nenda, wiki rudi, wimbo ulikuwa huo huo. Walikuwa wameoana miezi michache tu kabla ya Evans kusafiri, na majirani wana midomo: wanaume wakifika Saudia huoa tena huko huko. Evans alijua kabisa mkewe anawaza nini. Mume asiyetaka kuonekana ana kitu anachoficha.

Tena mambo yalizidi kuharibika. Euphrasia aliacha kumwandikia. Sasa alituma ujumbe wa sauti tu. Kwenye video aliishika simu ovyo, Evans akabaki kutazama paji la uso na mabati ya paa. Hata cherehani yake alikuwa ameifunika, eti imemchosha. Evans aliona ndoa inamponyoka mikononi naye yuko mbali, hana la kufanya.

Kisha Solomon akammaliza kabisa. Solomon, fundi wa duka, alikuwa Mganda mwenye ndevu tele na utani usioisha. Mchana mmoja Evans alimpigia mkewe, na simu ilipopokelewa tu, Solomon akaipokonya, akaitazama kamera akitabasamu bila kusema neno.

"Evans, mbona umenyamaza?" sauti ya Euphrasia ilisikika. "Umenikasirikia, dear?"

Solomon alicheka hadi akakaa chini. Evans, ambaye hana hata udevu mmoja, hakucheka. Mke wangu hawezi kunitofautisha na huyu!

"Basi, ndugu yangu, sikujua imekuuma," Solomon alisema alipomwona. "Ni pikipiki imeua hiyo simu. Ndani ya kamera kuna kidude kidogo kinachoning'inia. Mtetemo hukilegeza, picha ikaanza kucheza."

"Lakini mimi nikijitazama hapa najiona sawa tu."

"Unajiona hapa. Kenya inafikaje, unajua?"

Evans aliigeuzageuza ile simu mkononi.

"Injini yako ina pistoni mbili zinazopanda pamoja na kushuka pamoja," Solomon aliendelea. "Ni kama watu wawili wanaoruka kitandani kwa mpigo mmoja. Sasa ile nyeusi ya Jeddah ni silinda mbili pia, lakini pistoni zinapishana, na ndani kuna vyuma vya kusawazisha. Weka chai juu ya tangi, haimwagiki."

Tangu siku hiyo Evans hakutulia. Alinunua simu mpya, akaapa kwamba haitaonja ule mtetemo hata siku moja. Aliiacha ndani ya boksi hadi alipofika Jeddah.

Pikipiki nyeusi ilikuwa kama alivyoambiwa. Asubuhi nzima alizunguka Al-Mahjar na vipuri, vioo vikimwonyesha hadi namba za magari ya nyuma. Mikono haikufa ganzi. Lakini kila taa nyekundu aliiona ndefu, na wateja wawili aliwapa mizigo isiyo yao. Alipomaliza aliegesha kivulini, akavua kofia, akajifuta uso, akajiweka sawa kama bwana harusi. Akapiga.

Aliyepokea ni Ivy, mdogo wake Euphrasia, anayefanya kazi Mombasa. Alikuwa ndio kwanza ameshuka kwenye basi kuja kumsalimia dada yake, hata begi hajalitua.

"Shem! Umenona! Na hiyo simu ni moto, hadi jasho la puani naliona!"

Evans alilipiga tangi kofi kwa furaha. Mateso yameisha, halas.

"Mpe dada yako. Haraka, Ivy!"

Ivy aliiegemeza simu kwenye kikombe, mbele ya Euphrasia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Evans aliuona uso wa mkewe wote. Alikuwa amekonda kidogo, lakini alitabasamu, na Evans alimpenda upya papo hapo. Akasogea penye mwanga, akaugeuza uso upande huu na upande ule ili aonekane vizuri.

"Sasa, mpenzi, unaniona?"

"Bado, Evans. Inacheza tu. Labda ni network."

"Inacheza?" Ivy alishangaa. "Sista, inacheza wapi?"

Evans aliuona mkono wa Ivy ukiingia kwenye picha, ukapita polepole mbele ya uso wa dada yake, ukarudi, ukapita tena. Euphrasia aliendelea kutabasamu. Macho yake hayakuufuata.