Matofali ya Jumanne

Alichokiona kwanza ni viganja vyake. Vilikuwa vyekundu.

Philomena alikuwa amefyatua matofali kwa mashine ya mkono kwa miezi minane, na udongo uliochanganywa na saruji, ukishakauka, haukuwahi kumwachia rangi namna ile. Alipokwenda stoo kutazama, mfuko wa saruji wa lundo la Jumanne ulikuwa umekaa vilevile, haujafunguliwa. Gari lililobeba matofali yale lilikuwa limeshaondoka.

Hakusema. Aliogopa.

Mji mzima wa Babati ulikuwa umewacheka: matofali yasiyochomwa, nani ataishi humo? Fundi Leonsi, mkuu wao kazini, alizunguka mtaa kwa mtaa akieleza kwamba tanuru moja hula miti ya shamba zima na moshi wake huchafua hewa ya wote, ilhali matofali yao hayataki hata ukuni mmoja. Mzee Bushiri, mwenye duka Maisaka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwamini na kujengewa kwa matofali yao, na Philomena hakuwa na shaka kwamba yale ya Jumanne yamekwenda huko. Ukuta wake mmoja ukianguka, nani angewasikiliza tena?

Na ndani ya duka lile walikuwamo watu.

Kwa wiki tatu Philomena hakwenda Singe kwa mama yake, anakolelewa mwanawe Theodory, wa miaka miwili. Kila wingu lilipotanda, alikimbilia Maisaka.

Mchana huo mvua ilimwagika kana kwamba imefunguliwa. Alifika dukani ameloa chapachapa, akaupapasa ukuta wa nyuma, kisha wa kando.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, leo tena? Mimi nauza sukari, ukuta siuzi."

Leonsi, aliyekuwa akijikinga mvua barazani, akacheka. "Mwache, mzee. Kaja kusalimia watoto wake."

Ukuta ulikuwa mgumu kama jiwe. Haukuacha hata vumbi. Kwa mara ya kwanza Philomena akathubutu kuuliza.

"Fundi, yale matofali ya Jumanne, ya wiki tatu zilizopita, uliyajenga upande gani?"

"Yale? Hayakuja huku." Leonsi akatabasamu. "Haya, siri imetoka. Mama yako alitaka kumjengea mjukuu wake chumba. Akasema usiambiwe, uje ukione mwenyewe. Jana wamehamia."

Philomena aliinyakua simu ya Mzee Bushiri pale kaunta bila kuomba. Vidole vikakosea namba. Akaanza upya.

"Mama! Ni mimi!"

"Mwanangu!" Mama alipaza sauti kuishinda mvua juu ya mabati. "Unaisikia hii? Sisi hata hatuna wasiwasi, tumejifungia chumba kipya. Theodory kalala hapa, kaegemea ukuta..."

"Mtoe, mama! Mtoe! Sikutia saruji!"