Sufu Ndani ya Kengele

Basu alimkuta kondoo katikati ya malisho yaliyofungwa, akitafuna bila wasiwasi. Zilibaki siku tatu majani yakomae na malisho yafunguliwe. Kengele ilining'inia shingoni mwa kondoo, lakini haikulia. Akaingiza kidole: ilikuwa imeshindiliwa sufu.

Akalitazama sikio. Chale ya alama ilikuwa ya nyumbani kwake.

"Usinitolee macho," mkewe akasema, akiinuka nyuma ya jiwe. "Kiwele chake kimekauka kama gome. Nipeleke nini kwenye ushirika wa jibini, mate yangu?"

"Mimi ndiye mlinzi wa malisho, mama watoto."

"Mlinzi wa nyumba kumi na moja! Wengine wote wako Marrakesh wanauza chai. Nani atakuona?"

Basu aliukumbuka mwaka ule majani yalipoliwa machanga: familia saba zilifunga milango na kuhamia mjini kwa mkupuo. Jibini ndiyo iliyozirudisha mbili.

Adhabu aliijua, maana yeye ndiye aliyewatoza wenzake: mnyama aliyekamatwa huchinjwa, kijiji kizima kikala.

Akaivuta ile sufu polepole, uzi baada ya uzi, mpaka ulimi wa kengele ukawa huru. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa kwa nguvu zake zote, sauti ishuke bondeni hadi kijijini.

Mlango mmoja ukafunguka. Ukafuata wa pili.

Mkewe akajifunga upya kitambaa kichwani, akamshika kondoo pembeni mwa shingo.

"Bahati yako tumebaki wachache," akasema. "Huyu mmoja atatutosha."