Swali la Saba

Chaki ilikuwa imebaki kipande kidogo kama punje ya mahindi, na Profesa alikuwa amekwama.

Profesa ndilo jina tulilompa mwenzetu aliyeongoza kwa hesabu darasani. Muhula mzima alibaki nami kila jioni baada ya vipindi akinifundisha hesabu, maana mimi ndiye niliyekuwa nashika mkia. Siku hiyo mwalimu alimwita ubaoni afanye swali la saba. Alifika mstari wa nne, akafuta, akaandika, akafuta tena. Nyuma wakaanza kucheka.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa nalo tangu mstari wa kwanza.

Nikisimama, siri yangu imekwisha. Nisiposimama, watamcheka mpaka kengele ilie.

Nilisimama. Nikaichukua ile chaki vidoleni mwake, ina joto na jasho lake, nikaandika mistari sita bila kufuta hata nukta.



“Ngoja kwanza,” Profesa alisema. “Kumbe hesabu unazijua?”

“Nazijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla hujaanza kunifundisha.”

“Sasa zile sifuri zote?”

Nilimtazama usoni, mbele ya mwalimu na wenzetu arobaini.

“Nilizitafuta mwenyewe. Ningepata mia, ungebaki nami jioni kwa lipi?”

Alipangusa vumbi la chaki kwenye suruali, mkono mmoja, kisha wa pili, bila haraka.

“Basi leo jioni,” akasema, “mwalimu ni wewe.”