Pembe Iliyoliwa na Panya

Kitabu cha katuni alichokiuza kilikuwa na pembe nne. Kwenye picha aliyotumiwa na mnunuzi kilikuwa na tatu na nusu. Iliyobaki ilikuwa imeliwa na panya.

Aliilaza simu mezani, katikati ya maboksi na mifuko ya plastiki, akajishika kichwa. Hasira hakuwa nayo tena. Aliimalizia kwa wanunuzi wawili waliotangulia, waliolia kilio hichohicho: nimeletewa kitabu kibovu, nirudishiwe pesa yangu. Akawarudishia. Sasa wasimamizi wa soko la mtandaoni walikuwa wamemwonya kwamba akishindwa na lalamiko la tatu, duka lake linafungwa. Na duka hilo ndilo lililokuwa likilisha nyumba tangu mumewe aachishwe kazi.

Ujanja wao aliujua. Mtu ana kitabu kibovu kwake. Ananunua kizima kutoka kwako, anakupigia picha kile kibovu, halafu analia. Kizima kinabaki naye, na pesa inamrudia. Ndiyo maana kila kitabu alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa kabla hakijafungwa.

Hiki hasa alikifahamu kama sura ya mwanawe. Alikipata kwenye shehena ya duka la vitabu lililokuwa linafunga biashara. Nakala zilizochakaa mumewe alizibeba kwenda kuzitupa, nzuri wakazifuta vumbi pamoja. Pini ya chini iliyoshika kurasa za hiki ilikaa upande, na wino mwekundu wa joho la shujaa ulikuwa umevuka mstari. Wakusanyaji huzipenda kasoro kama hizo.

"Bado yule mama?" mumewe aliuliza. Alikuwa amekaa sakafuni, akifunga vifurushi vya siku hiyo.

"Bado. Eti ni muuguzi mstaafu. Muuguzi mzima!"

"Siku za mwizi arobaini." Alikata selotepu, akaibandika, kisha akaikunja ncha kidogo, kama kawaida yake, ili mteja asihangaike kutafuta mkasi. "Mrudishie tu pesa yake, yaishe. Presha itakuua."

"Na duka likifungwa?"

"Duka ni lako, mke wangu. Mimi mpakiaji tu." Akacheka, akainuka kwenda kumchemshia chai.

Alimtazama mgongo akiondoka, akaona haya kwa kulalamika kwake. Mwanamume aliyekuwa akisimamia watu kiwandani, leo anafunga maboksi ya mkewe na kumpikia chai bila kununa. Wangapi wangeweza?

Simu ikalia. Ujumbe wa muuguzi ulikuwa mrefu, wenye salamu kwanza.

"Mwanangu, mimi si mwizi. Nilimnunulia kaka yangu, alikuwa nacho utotoni kikapotea. Kifurushi kilifika salama, kimefungwa kwa adabu hata mkasi sikuuhitaji. Nilipokitoa mbele yake, nikakosa pa kuuficha uso wangu."

Kimefungwa kwa adabu! Yaani akuibie, halafu akusifie na ufungaji. Aliandika: "Mama, kitabu kilitoka hapa kizima, picha ninazo. Kilichokipata huko unakijua mwenyewe. Kwa umri wako ungeona aibu." Akatuma haraka, kabla moyo haujalainika.

Siku iliyofuata, akisubiri maji yachemke, alikuwa anapitapita kwenye maduka ya wengine mtandaoni, jinsi mtu aliyechoka anavyokuna mkono usiowasha. Ndipo alipokiona. Duka jipya, halina sura wala historia, na bidhaa zenyewe chache. Jalada safi, pembe zote nne. Pini ya chini upande. Wino mwekundu nje ya mstari.

Alicheka peke yake jikoni mpaka machozi yakamtoka. Mama muuguzi hakungoja hata kesi iishe! Kumbe kaka yake mwenyewe ni mteja yeyote atakayelipa.

Hakumwambia mumewe. Angesema achana nao. Tena, kwa mara moja, alitaka yeye ndiye ampelekee habari njema, amwone naye akipumua. Alikinunua kitabu chake mwenyewe kwa jina la rafiki yake msusi, kiletwe saluni. Kisha akawaandikia wasimamizi: mwizi nimempata, anauza kitabu changu, nipeni nafasi kidogo niwaletee ushahidi mkononi. Wakamjibu kwa heshima kuliko siku zote. Akaunti ya muuguzi ilisimamishwa jioni hiyohiyo, na muuguzi hakuandika tena.

Kifurushi kilipofika, msusi alimpigia simu akiwa bado na kichwa cha mtu mikononi. Alifika saluni akihema. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kifurushi magotini, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akiwa na njaa. Alipanga akitoka hapo apitie kununua nyama, mumewe aikute mezani pamoja na habari yenyewe.

Juu ya boksi palikuwa na karatasi iliyochapwa: jina la msusi, na jina la lile duka jipya. Anwani ya mtumaji haikuwepo. Haidhuru, wasimamizi wataitafuta wenyewe. Alifungua kamera ya simu ili apige picha kila hatua, mtu asije akabisha.

"Haya, fungua tumwone huyo mwizi wako," msusi alisema, akamnyooshea mkasi.

Aliupokea, akakigeuza kifurushi kutafuta pa kukata.

Mkasi haukuhitajika. Ncha ya selotepu ilikuwa imekunjwa, kidogo tu, ili mteja asihangaike.