Wingu la Miaka Elfu Saba

Mpaka leo Kauthar hawezi kueleza ilikuwaje asilione jambo lile, yeye aliyelifundisha kidato cha nne mwaka baada ya mwaka.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevikwa nguo nyeupe, akiwatazama wanawake wawili wakipigilia pazia zito dirishani. Mama mkwe wake, Bi Hajira, alishika nyundo. Bi Sijaona, shangazi wa marehemu, alibana misumari midomoni na bado aliweza kusema. Kioo cha kabati kilikuwa kimekwisha kufunikwa kwa kanga.

"Hata kioo tumekifunika, Mwalimu," alisema Bi Sijaona. "Usije ukajifundisha mwenyewe humu ndani."

Hakuna aliyecheka, lakini Kauthar alishukuru kwamba kuna mtu aliyejaribu.

Habari ilikuja na Anuari. Yeye na Luqmani, mume wa Kauthar, walikwenda Msumbiji kutafuta vito, porini, mbali na mnara wowote wa simu. Homa ikamchukua Luqmani, akazikwa hukohuko. Anuari alipokuwa akirudi alizuiwa mpakani kwa kukosa hati ya kusafiria, akawekwa rumande. Aliyasimulia hayo ukumbini pale Singida huku akilia, akieleza jinsi alivyoisali Idd ya kuchinja nyuma ya nondo, bila mtu wa kumpa mkono. Kabla hajamaliza, nyumba nzima iliangua kilio.

Muda wote ule Kauthar alikuwa akimtumia mumewe ujumbe wa sauti, akiamini kwamba siku atakapopata mtandao atausikiliza wote kwa mfululizo. Alimweleza kuhusu mvua iliyokawia, kuhusu alizeti, kuhusu kichekesho fulani cha ofisi ya walimu. Sasa hakuwa na la kumweleza mtu.

Wanawake walimwingiza eda jioni ileile. Miezi minne na siku kumi: asitoke, asijipake manukato, asionekane na mwanamume asiye maharimu wake. Hakupinga. Alimpenda Luqmani, na kumkalia eda hakukuwa jambo zito kwake. Kilichomkaba kilikuwa kingine, nacho alikionea haya. Chuo kimoja cha Dodoma kilikuwa kimempokea kusoma shahada ya pili ya fizikia baada ya kumkataa mara mbili. Usajili ungefungwa Ijumaa hiyo. Asiyefika, nafasi yake hupewa mwingine, na Kauthar alijua kwamba kwa umri wake asingeitwa tena.

Alimnong'oneza mama mkwe wake jambo hilo, macho yakiwa chini.

"Mwanangu, eda si kifungo," alijibu Bi Hajira kwa upole. "Ni haki ya mume. Mimi niliikaa ya baba yao, nikatoka, dunia nikaikuta palepale."

Upole ule ndio uliomfunga zaidi. Mkwe mkali angeweza kubishana naye. Huyu alimletea uji kwa mikono yake, akamkandia miguu, akaufunga mlango taratibu alipotoka. Bati lilialika kwa jua la Oktoba. Kutoka stendi zilisikika honi za mabasi, na Kauthar alijikuta akikisia lipi linakwenda Dodoma, kisha akajilaumu kwa kukisia.

Siku ya tatu alikuja Magreth, mwalimu wa kemia aliyeshika vipindi vyake. Alimwamkia Bi Hajira shikamoo, akavua viatu, akaketi mkekani. Walilia pamoja kidogo. Baada ya pole Magreth akaona afadhali azungumzie shule.

"Wasichana wako wananitesa, mwenzangu," alisema. "Nimewaonyesha ile picha ya nebula, zile nguzo za vumbi. Wanauliza: hilo wingu sasa hivi lipo au halipo? Mimi mtu wa chupa na asidi, nitajuaje?"

Kauthar alijibu bila kufikiri, kama anayesoma ubaoni.

"Waambie hatujui. Mwanga wake umesafiri takriban miaka elfu saba kutufikia. Tunaliona lilivyokuwa, si lilivyo. Pengine limekwisha kusambaratika zamani. Kilichofika leo ni mwanga tu. Tukio lenyewe halikutungoja."

Akaligeukia pazia. Magreth alidhani kilio kinarudi, akamshika mkono.

"Mama," Kauthar alimwita Bi Hajira. "Naomba Shehe Mselemu aje mlangoni. Anuari naye aje."

Shehe alikuwa amewasili asubuhi hiyo kutoka Manyoni kuongoza hitima, na mambo ya wanawake wa ndani hakuwa ameulizwa. Wanaume wawili walisimama ukumbini, mlango ukiwa umerudishwa. Bi Hajira alisimama katikati, uso umemwiva kwa fedheha. Alidhani mkwewe anataka kuomba ruhusa ya kuivunja eda, tena mbele ya shehe, na mwanawe ndiyo kwanza ameliliwa.

Lakini Kauthar hakuomba ruhusa. Alimuuliza Anuari swali moja tu: Luqmani alikufa mwezi gani?

"Mfungo mosi, shemeji, ule uliofuata Ramadhani. Mwishoni. Nilidhani nimesema."

Kupitia upenyo wa mlango Kauthar aliona kidole gumba cha shehe kikipanda pingili za vidole vyake, kikishuka, kikirudia tena toka mwanzo.

"Bi Hajira," alisema shehe hatimaye, "eda huanza siku mtu anapokufa, si siku tunaposikia. Ng'oeni pazia. Mwanamke huyu alimaliza eda yake kabla ya Maulidi yaliyopita."

Alhamisi asubuhi Kauthar alipanda basi la Dodoma.