Kofia ya Nahodha

Katika kivuko kile, nahodha akitundika kofia yake nguzoni, safari imevunjwa na hakuna abishaye. Kitwana aliitundika asubuhi, mawimbi yakipanda hadi gatini.

Adhuhuri Bi Zuhura akafika na bintiye juu ya machela, uchungu wa uzazi umeingia siku ya pili. Hospitali ilikuwa ng'ambo.

"Kofia haizai, nahodha. Mwanangu anazaa."

Kitwana aliyatazama maji kwa muda mrefu, asione sababu hata moja ya kubadili hukumu yake. Kisha akawazuia abiria wengine wasipande, akapakia machela, akawasha injini.

"Nahodha, umesahau kofia!" abiria mmoja akaita kutoka gatini.

"Iacheni hapo. Neno langu ni lile lile."

Feri ikapotelea mvuani. Kofia ilibaki nguzoni ikijaa upepo, wala hakuna aliyethubutu kuigusa.