Picha ya Mirihi

Siku aliyostaafu, Daktari Shekue aliitungua ukutani picha ya Mirihi, akaipeleka nyumbani kwa Nasra, aliyekuwa msaidizi wake. Kwa miaka tisa Daktari alifundisha kuwa vivimbe vilivyoonekana pichani ni volkano za kale. Nasra alimwambia picha imetundikwa juu chini, vivuli vinadanganya, yale ni mashimo ya vimondo. Daktari alimcheka mbele ya wanafunzi mpaka Nasra akaacha kazi.

“Ulisema kweli,” Daktari alisema mlangoni.

“Umegundua lini, Daktari?”

Aliinamisha macho. “Jioni ileile uliyoondoka. Niliigeuza, nikayaona mashimo. Kisha nikaitundika tena vilevile.”

Nasra aliipokea picha, akaenda nayo dirishani. Daktari alibaki kizingitini, viatu mkononi, asijue aingie au avivae.